Runinga Nilizima Mimi Mwenyewe

Kihonda, Morogoro
5 Mei 2025

Kwako mdogo wangu Fransisko,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Mwili mzima, roho imechafuka, ndiyo maana nimeshika kalamu. Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Wewe ukipigiwa simu unakwenda kusimama pale penye mtandao, katikati ya wapakia kabichi, unapayuka "Haloo! Sema dada!" na Mgeta nzima inajua nimekula nini. Mambo ya ukoo hayasemwi kwenye simu, simu ina masikio. Barua hii anakuletea Mohamedi wa lori, na bahasha nimeigandisha kwa gundi.

Kwanza, mpwa wako Kelvin. Unajua alirudi nyumbani baada ya kumaliza Mzumbe, anatengeneza kompyuta za watu mjini. Nilifurahi. Sikujua kwamba amerudi na jini lake. Ni kompyuta ya kuchezea magemu, Fransisko, na yeye ni mwanaume mwenye ndevu! Wala siyo ile ya kukunja na kubeba kwapani. Ni sanduku zima lenye ubavu wa kioo, ndani feni zinavuma, taa nyekundu, bluu na kijani zinawaka kama grosari ya walevi. Kioo chake cha kutazamia kilipasuka wakati wa kuhama, basi mwanangu akaona njia ya mkato. Amechukua waya, ncha moja ameichomeka kwenye sanduku, ncha nyingine kwenye runinga yangu ya sebuleni. King'amuzi changu amekisukumia chini ya kabati. Mimi nikitaka taarifa ya habari naambiwa, "Mama, subiri kidogo, namalizia raundi hii."

Laiti ungeona wanachocheza. Maiti zinatembea, zinararua watu matumbo, na runinga ile ni kubwa, utumbo mmoja unafika urefu wa sofa. Mimi hapo nimeshika bakuli la mlenda. Unanijua, nimekuwa afisa afya mpaka nastaafu, nimekagua machinjio, nimekagua vyoo vya stendi, nimefunga mabucha yenye funza, na sikuwahi kurudisha chakula jikoni. Wiki iliyopita nilikirudisha.

Na uchafu wenyewe sasa! Ile pedi ya kuchezea gemu anayoshika mkononi ina utando wa mafuta ya chipsi mayai, ukiigusa vidole vinanata. Soksi ziko juu ya meza ya kahawa. Na kwa kuwa sanduku lina ubavu wa kioo, anaonekana humo ndani mende aliyekufa, amelala chali, taa zinammulika kwa zamu. Nimemwambia Kelvin amtoe. Ananijibu ati atamtoa siku ya kusafisha. Siku ya kusafisha! Kwangu mimi kila siku ni ya kusafisha. Naona kinyaa kukaa kwenye sebule yangu mwenyewe.

Pili, na ndilo kubwa. Jesca anaposwa. Ni yule Raphael, mwalimu, mtoto wa mama mwenye duka pale Mkuyuni. Washenga wanaleta barua ya posa Jumapili ya tarehe kumi na nane. Binti hajibiwi posa bila mjomba wake, kwa hiyo shuka, oga, vaa koti.

Na Pendo usije naye. Jesca alimzaa akiwa kidato cha sita, aliyempa mimba akayeyuka, ukamchukua wewe kabla hajaota meno. Sasa ana miaka minane na watu wote wanajua ni binti yako. Mwenyewe ananiita shangazi. Iendelee hivyo hivyo. Hawa wa Mkuyuni hawajui, na sioni sababu ya wao kujua. Binti yangu amesubiri sana kupata mtu wa maana. Simwachi aharibikiwe kwa jambo lililokwisha.

Ni mimi dada yako,
Josephine, Mama Jesca

*

Mgeta
9 Mei 2025

Dada Josephine, shikamoo.

Barua nimeipata, inanuka vitunguu vya Mohamedi, utanisamehe ikiwa jibu nalo litanuka. Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuniuliza. Nikamwambia kuna mende wa Kihonda amejaliwa kaburi la kioo na taa juu, wakati sisi huku tunazikana kwa kandili. Umwonee huruma Kelvin. Wewe tangu utoto wetu ulikuwa unaosha ndizi kabla ya kuimenya, na mama alikuwa anasema atakayekuoa ajiandae kuchemshwa.

Nitashuka. Njegere ziko shambani lakini zitasubiri. Jesca ni mtoto wetu, na furaha yake nimeipokea kwa mikono miwili.

Ila kwa habari ya Pendo, dada, kuna kitu kinanikera na nitakisema. Sisi ni Waluguru. Mtoto wetu ni wa ukoo wa mama yake. Hawa wanangu niliowazaa ni wa ukoo wa mke wangu, na mashamba watapewa na wajomba zao kule. Pendo ukisema ni wa kwangu, umemtoa kwetu. Kwa mke wangu hana chake maana si damu yao. Kwetu hana chake maana umesema si wa Jesca. Siku nikifukiwa, huyu mtoto atalima mteremko wa nani? Juzi watoto walikuwa wanatajiana koo zao wakichota maji. Yeye alishika ndoo yake akatangulia.

Tena Jesca anakuja kila mwezi, na kila akiondoka mmoja analia njiani, mwingine analia jikoni akisingizia moshi. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Haya yetu yananuka kwa sababu kila mwaka tunayachimbua ili tuyafukie upya.

Nimesema, nimetua. Wewe ndiye mkubwa. Nitakuja peke yangu.

Mdogo wako,
Fransisko

*

Kihonda, Morogoro
30 Mei 2025

Mdogo wangu Fransisko,

Natumaini ulifika salama na ile suruali uliyokalia nayo tenga la nyanya imetakata. Mimi nakuandikia nikiwa nimechanganyikiwa, lakini kwanza nikushukuru. Siku ile tulikwenda vizuri. Wale washenga kufika mapema vile kulitaka kuniumbua, maana Kelvin alikuwa katikati ya gemu lake, damu ukuta mzima. Uliniona nilivyofanya. Nilimfukuza akanunue soda, nikachukua rimoti nikaizima runinga mwenyewe, soksi nikazipiga teke chini ya kochi, na lile sanduku nikalifunika kwa kitambaa changu cha kufuma, pamoja na hilo dude lake la kuongelea. Washenga wakaketi mbele ya kitambaa cheupe cha heshima. Hakuna aliyejua kuna mende chini yake.

Barua ya posa tuliipokea, wakaenda zao, tukabaki wewe na mimi. Jesca alikuwa jikoni, Kelvin hajarudi, mlango umefungwa. Ndipo nikasema ya moyoni, kwa kuwa tulikuwa ndugu wawili tu. Najua ulishtuka nilipotamka kwamba nikimtazama yule mtoto tumbo linanichafuka. Ni kweli, linanichafuka. Ana paji la uso la yule mhuni. Lakini ulinielewa, na tuliposema siku ya harusi abaki huko juu, watu waambiwe ana surua, ukajibu "haya." Neno moja tu, nikakupenda.

Sasa hebu niambie. Tulikubaliana na washenga warudi baada ya wiki moja kuchukua jibu. Hawajarudi. Nimepika pilau, nimelimwaga. Mama Raphael simpigii, siwezi kuonekana nabembeleza. Na Jesca hasemi nami. Anaingia, anakula amesimama, anaosha sahani yake, anakwenda kulala. Nikimuuliza ananitazama kama mtu wa benki anavyomtazama mdaiwa. Huko Mgeta kuna lolote ulilosikia? Umemwambia mtu?

Kelvin amerudia magemu yake. Leo ni watu wenye usaha.

Dada yako,
Josephine

*

Mkuyuni
2 Juni 2025

Kwa Mama Jesca,

Salaam. Nilitaka nije mwenyewe, nikaona hasira zangu bado ziko juu, bora karatasi.

Mwanangu mdogo, Deo, anacheza magemu na Kelvin wako. Kila mmoja yuko kwao, wanakutana kwenye mtandao, na humo wanasikiana kama watu waliokaa mkeka mmoja. Jumapili ile ya posa Deo alikuwa nami dukani na kompyuta yake. Kelvin akanyamaza ghafla, halafu tukasikia washenga wetu wanapiga hodi kwako. Deo akataka kukata. Nikamwambia acha. Sikufichi, nilitaka kusikia barua yangu inapokewaje. Walipoondoka washenga nilipaswa kusema basi. Badala yake nilimwambia aongeze sauti.

Kwa hiyo nimesikia yote. Nimesikia kwamba chai yangu ina ladha ya moshi. Nimesikia habari ya panya uliyemwona dukani kwangu ulipokuja kukagua mwaka ule. Yule panya alikuwa wa jirani, na hayo nimekusamehe, maana na mimi nikiwa kwangu nasema ya watu.

Habari ya mtoto sikuwa naijua. Raphael alikuwa anaijua. Jesca alimwambia mapema kabisa, kabla hajamruhusu hata kumsindikiza nyumbani, na mwanangu akanyamaza kwa sababu aliombwa anyamaze, akiambiwa mama mtu hataki. Mtoto mwenyewe hakunishtua. Nani asiye na mtoto wa namna hiyo kwenye ukoo wake? Lakini niliposikia bibi mzaa mama anasema tumbo linamchafuka akimwona mjukuu wake, na kwamba mtoto asingiziwe surua ili asionekane, nilikitua kikombe nilichoshika. Nilikuonea kinyaa, Mama Jesca. Nimetafuta neno lenye adabu zaidi tangu siku ile, sijalipata.

Barua ya posa iacheni hapo mlipoiweka. Hatuidai, kwa sababu Raphael amesema atamwoa Jesca hata kama mnafuga mamba chooni. Ila washenga wangu hawatakaa tena kwenye sebule ambayo mtoto wa nyumba hatajwi. Siku mtakayomtaja, watakuja siku hiyo hiyo.

Mama Raphael

*

Kihonda, Morogoro
4 Juni 2025

Mama Raphael,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimeishika kwa ncha za vidole.

Kwanza, unasema uongo. Runinga nilizima mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu, ikawa nyeusi tii. Kitu kilichozimwa hakisikii. Ama uliweka mtu dirishani kwangu, ama unatumia mambo ambayo padre wako hayajui.

Pili, kama ni kweli, basi ndiyo mbaya zaidi. Mwanamke mzima, umekaa kati ya mifuko ya sukari, umetega sikio kwenye nyumba ya watu, unamwambia mtoto wako aongeze sauti! Mende mwenyewe ana haya, ukiwasha taa anakimbia. Wewe umeketi.

Tatu, panya alikuwa wako. Aliingia kwenye gunia lako la mchele mbele ya macho yangu, mkia ukabaki nje. Nilikupa onyo tu badala ya kukufungia duka. Leo najuta.

Namna ninavyowatazama watoto wa ukoo wangu hakukuhusu. Nimefanya niliyoyafanya ili binti yangu asinyooshewe vidole, na wa kwanza kunyoosha umekuwa wewe.

Josephine

*

Kihonda, Moro
6 Juni 2025

Mjomba, shikamoo.

Ni mimi Kelvin. Najua si kawaida yangu kuandika barua, mkono wenyewe umeshaanza kuuma. Nimeambiwa na mama nisikupigie, na safari hii nimeona ana hoja.

Mjomba, mambo yameharibika na chanzo ni mimi na lile sanduku langu. Naomba nikueleze ili na wewe umsaidie mama kuelewa. TV ni kioo cha kuonyeshea tu. Gemu, mtandao, maongezi, vyote viko kwenye kompyuta, vinapita kwenye waya kwenda TV. Ukizima TV kompyuta haina habari. Mimi ndiye niliyekuwa nampigia mama kelele kila siku, "Usizime mashine ghafla, utaniharibia!" Sasa siku ile ya washenga amenitii. Amezima TV tu, mashine kaiacha inaendelea, na mimi nimefukuzwa mbio hata maiki sikuikata. Chini ya kile kitambaa ilikuwa wazi muda wote. Feni zilikuwa zinavuma, mama anasema alidhani ni friji.

Juzi aliniita mwongo, akasema nawatetea watu wa Mkuyuni. Basi nikaamua kumwonyesha. Nikaingia kwenye maongezi ya gemu kwa simu, nikazima TV kwa rimoti, nikafunika mashine kwa kitambaa kilekile, nikamwambia, "Mama, sema chochote, mimi naenda kusimama barabarani na simu yangu." Nikarudi nikamwambia alichosema. Alikuwa amesema, "Mende wa watu, na wewe umekosa nini." Mjomba, alikaa chini. Alikaa juu ya pedi na hakuinuka. Nilitegemea atanigombeza. Hakugomba.

Mashine nimeshaitoa sebuleni, mende nimemtoa, king'amuzi nimekirudisha. Lakini mama hasemi tena humo ndani. Akitaka kuniambia chumvi imekwisha ananiita uani, ananong'ona.

Kuna kitu kingine. Mimi sikujua mlizungumza nini siku ile, nimeambiwa na Deo, naye aliniambia huku ananionea aibu. Anasema baada ya mama kusema yale ya tumbo na ya surua, ilisikika sauti ya mwanaume, ya upole, ikisema "haya." Nikamwambia haiwezi kuwa mjomba. Mjomba ndiye anayemlea Pendo, ndiye aliyemfundisha kutembea. Ilikuwa wewe?

Mpwa wako,
Kelvin

*

Kihonda
7 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Nimekuachia barua mezani kwa sababu nikikusubiri uamke utalia, na ukilia nitabaki.

Nakwenda Mgeta na Raphael. Nakwenda kumwambia Pendo mimi ni nani, halafu nitamuuliza anataka nini. Hilo la pili hatukuwahi kulifanya, wewe wala mimi.

Sikulaumu kwa yote. Nilikuwa na miaka ishirini, ningeweza kukataa, nikaona afadhali watu wasijue. Kila ulipomwita "mtoto wa Fransisko" mbele yangu niliitikia. Lakini mama, mimi niliitikia kwa woga. Sikujua, mpaka Raphael aliponieleza uliyosema siku ya posa, kwamba wewe ulikuwa unamwonea kinyaa. Nilidhani na wewe unaogopa.

Paji la uso unalolisema si la baba yake. Nenda kalitazame kwenye picha yako ya harusi.

Chai iko kwenye chupa.

Jesca

*

Mgeta
10 Juni 2025

Dada, shikamoo.

Jesca amefika salama, na huyo Raphael naye. Ni kijana mzuri, ametapika kwenye kona zote za barabara yetu lakini hakulalamika. Najua umekaa na roho juu, kwa hiyo nakuandikia kila kitu kama kilivyokuwa.

Kabla ya hapo nikujibu wewe na Kelvin kwa pamoja. Ndiyo, ile "haya" ilikuwa yangu. Nilichoka kubishana na wewe, na pilau lilikuwa linanukia. Hiyo ndiyo sababu yote. Tangu nisome barua ya Kelvin nikimshika yule mtoto mkono najiona mchafu, na huwezi kuniambia nioge.

Tulikuwa uani tunamenya njegere. Jesca akakaa kwenye kigoda karibu na Pendo. Akamenya kidogo, akaacha. Akasema, "Pendo, mimi siyo dada yako. Mimi ndiye mama yako niliyekuzaa." Raphael akajifanya anatazama milima. Mke wangu akainama kabisa. Mimi nilikuwa natazama vidole vya mtoto. Havikusimama, dada. Alimaliza ganda aliloshika, akatia njegere kwenye ungo, akasema, "Najua."

Jesca akamuuliza nani kamwambia. Akasema hakuna. Akasema, "Dada za wenzangu wakija hawawanusi nywele."

Basi Jesca akamvuta, wakalia wote wawili, mke wangu akafuata, na mimi nikaona nikalishe nguruwe. Niliporudi wametulia. Raphael alikuwa anamenya njegere, anazimwaga nusu nje ya ungo, na Pendo anamcheka. Nikaona nimwambie kile nilichopaswa kumwambia zamani, kwamba yeye ni wa ukoo wangu mimi na wa mama yake na wa bibi yake, na kwamba ule mteremko wa juu ya kisima, wenye mifyulisi, ni wa kwetu na atalima hapo akipenda. Akauliza, "Kwa hiyo na mimi nitaje?" Nikamwambia taja. Akautaja ukoo wetu kwa sauti, akarudia, kama mtu anayejaribu viatu.

Halafu akaacha njegere, akainuka. Akanishika koti akanivuta pembeni, wengine wasisikie. Akaniambia, na nakuandikia maneno yake yalivyo:

"Lakini shangazi Josephine hajui. Angejua mimi ni mjukuu wake angeshakuja kunichukua. Msimwambie, atalia."

Nimesema nitakuuliza.

Mdogo wako,
Fransisko

*

Kihonda, Morogoro
12 Juni 2025

Fransisko,

Barua yako niliianza nimesimama, nikaimalizia chini. Nimejionea kinyaa ambacho sikuwahi kukiona machinjioni wala mahali popote.

Mwambie bibi yake anajua.

Hapana. Usimwambie kitu. Nakuja Jumamosi nimwambie mwenyewe kwamba nilijua tangu siku aliyozaliwa. Anitazame usoni nikisema, na akinionea kinyaa, ni haki yake.

Josephine